Ufukwe wa Wanawake Watupu

Jamani, mie nimeaibika mara nyingi maishani (mwenye mdomo kama wangu haepuki), lakini aibu ya Ijumaa ile, niliyoipata nikiwa mbali huko Ulaya na ikatua moja kwa moja sebuleni Rashidiya mbele ya wakwe zangu wote, akiwemo Ami Salum anayesalisha watu, hiyo sijaipatia mwenziwe. Nimeamua kuwasimulia mwenyewe kwa sababu kisa kimeshazunguka Dubai nzima na kila anayekipokea anakitia chumvi yake, wako wanaosema nilikamatwa na polisi, na wako wanaosema nilivua nguo. Sikuvua nguo. Hayo mengine sikilizeni.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, ni mtu wa Unguja aliyeletwa Dubai akiwa bi arusi, akazaa hapa, akalea hapa, akamzika mumewe hapa, na miaka yote hiyo Kiunguja chake hakijapata hata mkwaruzo. Mwaka jana mwenye nyumba akasema anaitaka nyumba yake ya Rashidiya aivunje ajenge upya, ndipo likaja suala la Mama atakwenda kukaa wapi. Wifi yangu Rahma, mtoto mkubwa, ana jumba Sharjah, na chumba cha Mama kilikuwa tayari, kina choo chake na mapazia ya kushonesha. Sisi, yaani mimi na mume wangu Nassor, tuna fleti ya Al Qusais ambayo jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa jikoni kwako. Wake wengi hapo wangeomba dua Mama aende Sharjah, na mimi nilikuwa naomba aje kwetu. Msinicheke. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo kule Mombasa, nimelelewa kwa zamu na shangazi zangu, Nassor anafanya kazi za shifti kwenye mizigo ya ndege, na fleti ile ikinyamaza inanyamaza kweli. Tena nampenda yule mama, pamoja na ule ulimi wake mkavu. Tatizo sikujua kama yeye ananipenda, maana kwake mimi nilikuwa yule msichana wa Mombasa anayeanza kuongea kabla hajaingia mlangoni. Ikakubaliwa kwamba jibu lake atalitoa mbele ya Ami Salum, mdogo wa marehemu, tukisharudi safari.

Safari yenyewe niliibuni mimi. Mama ana magoti mabaya, daktari kamwambia atembee ndani ya maji, na hapa Dubai kila wiki nampeleka kwenye bustani ya ufukweni siku ya wanawake: mwanamume hapiti getini, kamera haipiti getini, wanawake wanavua mabuibui kwa raha zao, na Mama anaingia baharini na dira lake anatembea polepole huku midomo inasoma nyiradi. Lakini mnaijua Agosti yetu. Maji ya bahari yanakuwa kama yale ya kumkandia mzazi. Basi kazini kwetu (niko mapokezi kwenye kliniki moja ya meno, Bur Dubai) kuna nesi anaitwa Rasa, mtu wa Lithuania, nchi ya huko juu kwenye Bahari ya Baltiki, naye akanambia shangazi yake Birute anapangisha vyumba katika mji mdogo wa mapumziko uitwao Palanga, pwani kabisa, na kiangazi cha kule unaweza kukivalia sweta. Nikamuuliza, kwa kumfikiria Mama, habari ya faragha ikoje. Rasa akacheka akasema, "Upo ufukwe wa wanawake. Mwanamume haruhusiwi hata kukanyaga. Huko mtakuwa huru kabisa."

Huru kabisa! Mimi masikio yangu ni ya Dubai, nikaambiwa ufukwe wa wanawake naona geti, naona mlinzi wa kike, naona madira yanapepea. Sikuuliza swali la pili. Rahma alipinga sana, akasema Mama atarudi na nimonia, akasema mtu mzima hapelekwi mahali ambapo hatuna hata ndugu mmoja, nami nikaapa mbele ya familia nzima kwamba nitamrudisha Mama na heshima yake, hata unywele haupungui.

Na mji wenyewe, wallahi, sijui niuanzie wapi. Kuna barabara ndefu ya kutembea tu, gari haipiti, watu wanakula aiskrimu wamevaa makoti, na meza kwa meza wanauza shanga za kaharabu, zile wanazozitamani Waarabu wetu kwa tasbihi, kule zimemwagwa kama karanga. Mama alichagua tasbihi moja ya Ami Salum kwa muda mrefu kuliko nilivyochagua mume. Mchana Bi Birute (mama mnene, mpole, aproni kifuani, kitambaa kichwani, Mama akampenda papo hapo kwa sababu ya kile kitambaa) akatuandalia supu ya bitiruti na mtindi, ya baridi, rangi ya waridi. Mama akaitazama akaniuliza, "Hii supu, au sharubati iliyopotea njia?" Kisha akaimaliza na akasogeza bakuli aongezwe. Jua nalo halitaki kuzama, Mama amekaa dirishani na udhu wake anaisubiri Magharibi, analitazama jua namna mtu anavyomtazama mgeni asiyeaga. Na kilichomfurahisha zaidi ni salamu yao, wanasema *labas*, naye kwa Kiarabu chake cha miaka mingi akasikia *la baas*, hapana neno. Kila aliyepita akamsalimia labas, naye akajibu labas, na mimi nikawa namwona anachangamka saa baada ya saa. Nilikuwa na furaha mpaka nashindwa kula. Nilikuwa nishahesabu ushindi, nishapanga kitanda chake kikae upande gani wa dirisha.

Ijumaa asubuhi nikamwambia, "Mama, leo ndiyo siku. Tunakwenda ufukweni."

"Na wanaume?"

"Hakuna, Mama. Wanawake watupu."

"Una hakika?"

"Wanawake watupu, Mama, wallahi."

Akasema alhamdulillah, akatoa dira lake la kuogea, lile la maua makubwa. Mimi kwa kiherehere nikachukua simu nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: "Assalaam aleykum nyote, leo Mama anaingia baharini, ufukwe wa wanawake watupu, hapana mwanamume hata mmoja, kama nyumbani kabisa." Nikautuma, nikajisikia mtu mkubwa.

Kwenda kule unapita msitu wa misonobari, njia ya mbao, harufu nzuri, halafu unapanda tuta la mchanga mweupe, na bahari iko nyuma ya tuta, huioni mpaka ufike juu. Tulipita kibao kimeandikwa kwa lugha yao, simu yangu ikanitafsiria "ufukwe wa wanawake", nikakipiga busu la mbali. (Chini ya maandishi yale palikuwa na picha ndogo ya simu iliyokatwa na mstari mwekundu. Niliiona. Nikadhani mtandao haushiki.) Hapo ndipo Rahma akapiga simu ya video, akitaka kujua Mama amevaa soksi au hakuvaa.

Sasa najua mnachotaka kuniuliza: ufukwe wa wanawake, kamera ya nini? Nilijua vizuri kabisa. Lakini nilidhani naongea na Rahma peke yake, na mpango wangu ulikuwa nimwonyeshe bahari tu kutoka juu ya tuta, kwa mbali, aone alivyomkosea mtu, halafu nizime. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi hicho. Basi nikapokea, nikaanza kupanda tuta kinyumenyume, namwonyesha Mama anavyopanda taratibu na mkoba wake, natangaza kama mtu wa redio: "Huyo anakuja, magoti yenyewe yamesahau kuuma, sasa jiandae, jiandae, nakuonyesha kitu." Nikafika juu, nikaigeuza simu kuelekea baharini kwa mkono mmoja, kwa madaha, na macho yangu sikuyapeleka baharini. Macho niliyabakiza kwenye kioo. Nilitaka kuuona uso wa Rahma ukishindwa.

Na kweli ulishindwa. Mdomo ulifunguka, ukabaki hivyo. Ndipo nikaona kwamba sio Rahma peke yake, nyuma yake sebule nzima ya Rashidiya imejaa watu, wametoka kuswali, sinia la pilau liko chini, na wote hawatazami simu, wanatazama juu ukutani, maana Ami Salum macho yake ni ya shida na walikuwa wameniunganisha kwenye ile runinga kubwa ili naye amwone shemeji yake. Ami alikuwa na miwani yake usoni na kikombe cha kahawa mkononi. Kikombe kilisimama njiani, hakikurudi chini wala hakikufika mdomoni.

Mie nikadhani ni uzuri wa bahari. Msinicheke, nawaambieni kweli, nikadhani wameduwaa kwa uzuri. Nikasema, "Mmeona sasa? Mshapata kuona kitu kama hiki maishani mwenu?" Nikaongeza, "Ngojeni niwasogezee." Nikakuza picha.

Hapo Ami akavuta kanzu yake akajifunika uso na kahawa ikamwagika, Nassor mume wangu akaruka sinia akasimama mbele ya runinga ametandaza mikono kama golikipa, ila Nassor ni mwembamba na runinga ni pana, na mtu akawa anapiga kelele rimoti iko wapi, nani ameikalia rimoti. Rahma akapata sauti. Akasema neno moja tu, "Salma." Nikainua macho, nikatazama baharini.

Walikuwa wanawake watupu. Wote. Wazee kwa vijana, wamelala mchangani, wamesimama wanaongea, mmoja anamenya yai, mwingine anasoma gazeti, na kati yao hapakuwa na uzi. Hapana geti, hapana ukuta, hapana dira. Na kutoka katikati ya umati ule akainuka mama mnene anakuja kwetu ametabasamu, mikono ameifungua, nami nikamtambua kwa miwani yake, maana vingine vyote vilivyokuwa vinanisaidia kumtambua, aproni na kitambaa, alikuwa ameviacha nyumbani. Bi Birute akafika, akaona simu, akaona watu ndani ya simu, na kwa ukarimu wake akawapungia mkono. "Labas, Dubai!"

Simu nikaitupa ndani ya mkoba wa Mama, aliyekuwa ameshafika juu (kuizima sikukumbuka, niliikimbia tu), na hapohapo kipenga kikalia, mlinzi wa ufukwe, mwanamama mwenye fulana nyekundu, anakuja mbio ananyoosha kidole kwenye kibao cha ile picha ya simu, na wanawake kadhaa wamesimama, mikono kiunoni, wananitaka maelezo, nami nimefunga macho kwa viganja nawaomba radhi kwa Kiswahili, Kiingereza kimenitoka chote. Ukijaribu kuomba radhi umefunga macho juu ya tuta la mchanga utaanguka. Nilianguka. Niliteleza mpaka chini, nikasimama kwenye taulo la mtu. Na katika kelele zote zile mkoba wa Mama ukawa unaongea, sauti ya Ami Salum: "Astaghfirullah, mwambieni Bi Zuwena afumbe macho."

Mama alikuwa bado amesimama palepale juu, na buibui lake, mkoba kwapani. Akauinamia mkoba akaujibu, "Shemeji, wewe yafumbe ya kwako." Akaitoa simu akampa mlinzi aizime. Kisha akanitazama mimi kule chini.

"Mwanangu," akasema, "hukunidanganya. Uliniambia watupu."

Mlinzi akanikagua simu, akaona sikurekodi kitu, akaniachia baada ya maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa. Nikamwambia Mama tuondoke, nisamehe, tuondoke, na machozi yananitoka, maana kichwani nilikuwa nakiona chumba cha Sharjah na mapazia yake. Mama hakuondoka. Alimtazama Bi Birute, ambaye kwa kuona hali imeharibika alikuwa amejifunga taulo kutoka kifuani mpaka magotini, kwa heshima ya mgeni wake tu, akawa peke yake aliyejifunika kati ya waogaji wote wale.

"Huyu anasema labas, na libasi hana," Mama akasema. Akavua buibui akanikabidhi. "Maji ni baridi?"

"Mama, utaingia? Na watu hawa?"

"Nimekuja kutazama maji. Sikuja kutazama watu."

Akashika mkono wa Bi Birute, wakashuka, huyu na dira la maua na yule na taulo, macho ya Mama ameyaelekeza mbali kule bahari inapokutana na mbingu, na wakaingia. Maji yalipomfika magotini alitoa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, nikadhani ameumia, nikakimbilia. Alikuwa anacheka. Bahari ilikuwa baridi ya kukata pumzi na yeye anacheka mpaka kilemba kimelegea, Bi Birute naye anacheka, lugha hawana hata moja ya pamoja, na mimi nimesimama ukingoni na buibui la watu mkononi sijui nilie au nicheke. Alitembea mle ndani mpaka midomo ikawa na rangi ya zambarau.

Siku zilizobaki hatukulizungumza jambo lile. Yeye alikwenda kila siku ufukwe ule na Bi Birute na taulo lake, mimi nilikaa msituni nyuma ya tuta nimegeukia miti. Kundi la familia lilikuwa kimya kama limefiwa. Nassor alinipigia mara moja tu, akasema, "Salma, mimi nakupenda, lakini Ami hajaja kula kwetu tangu siku ile," na mie nikajua habari imekwisha.

Tuliporudi tukakaa sebule ileile. Ami Salum kitini, Rahma, Nassor, mimi karibu na mlango. Mama akampa Ami tasbihi ya kaharabu, Ami akaipokea akiwa anatazama zulia. Akakohoa akasema, "Na lile lililotokea, mie sikuona kitu. Sikuwa na miwani." Tulinyamaza sote kwa adabu, maana miwani siku ile tuliiona usoni kwake, tena imeingia ukungu wa kahawa.

Rahma akasema, "Mama, chumba kiko tayari. Sidhani kama limebaki la kuzungumza."

Nikajikuta nimesema mimi. "Rahma amesema kweli. Niliapa hapa nitamrudisha Mama na heshima yake, nikaenda kumfedhehesha mbele ya ulimwengu. Aende Sharjah." Na lilivyoniuma neno lile, jamani, nilikuwa naliona linavyotoka.

Mama alikuwa anakoroga chai yake. Akaendelea kuikoroga kidogo, halafu akamgeukia bintiye bila ukali wowote. "Rahma mwanangu, kwako nitaheshimiwa mpaka nichoke. Asubuhi utanifungulia pazia, jioni utanifungia pazia. Kwa huyu," akanielekeza kwa kijiko, "kwa huyu sijui kesho ntaamkia wapi." Akanywa funda moja. "Mie nakwenda Al Qusais. Khalas."

Nililia mpaka Ami akaomba nipewe maji.

Basi kiapo changu ni hiki: kamera yangu haitangulii tena macho yangu, na nikitaka kusema mahali ni pa wanawake peke yao, nasema peke yao, naishia hapo. Mama tunaye tangu majira ya baridi, kitanda chake kiko dirishani, na fleti haijanyamaza hata siku moja. Wiki iliyopita niko mapokezi kazini, mlango ukafunguka, akaingia yeye, na magoti yake, amepanda metro peke yake mpaka Bur Dubai bila kumwambia mtu. Nikadhani jino. Akanipita, akaenda moja kwa moja kwa Rasa, na kwa Kiarabu na vidole akamwuliza kama shangazi yake ana vyumba Agosti. Anataka viwili.

Nikamwuliza, "Mama, viwili vya nini? Si tuko mimi na wewe?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma asiyefikiri. "Na Rahma atalala wapi?"